Mkono wa Sajenti

Mtu wa kwanza niliyemwona akipigwa ndani ya kanisa alipigwa na Sajenti. Alikuwa fundi wa umeme kutoka Embu mjini, kijana mwenye heshima zake, aliyeletwa kufunga vipaza sauti vipya. Kosa lake lilikuwa kuegemeza ngazi kwenye jiwe la Kapteni. Sajenti alikuwa ameketi benchi la nyuma, kama kawaida yake kila Jumamosi. Aliinuka, akaenda mbele, akaishikilia ngazi kwa mkono mmoja huku akimwashiria kijana ateremke. Kijana alipogusa sakafu alilambwa kofi lililosikika mpaka nje, kwa akina mama waliokuwa wakisugua mazulia. Kisha Sajenti akaihamisha ngazi hadi ukuta wa pili na kumwambia kwa upole kabisa, "Endelea na kazi." Fundi aliendelea, angefanya nini? Mpaka leo kipaza sauti cha upande ule kimekaa mshazari, na mahubiri yote yanaelekea mlangoni.

Kapteni alikuwa kaka yangu. Nalisema mapema ili msomaji asishangae hasira yangu ikichungulia hapa na pale. Aliuawa Somalia, na kwa kuwa alikuwa ofisa wa kwanza kutoka upande wetu huu wa Runyenjes, kanisa lilimtengenezea jiwe jeusi la kung'aa na kulijenga kwenye ukuta wa kushoto, karibu na dirisha. Lina jina lake na cheo chake, na chini yake maneno yanayosema alianguka akiwaongoza askari wake. Sajenti alikuwa mmoja wa askari hao. Ndiye aliyelisindikiza jeneza lake mpaka nyumbani, na alipostaafu alirudi kwetu akanunua kipande cha shamba kando ya barabara ya kiwanda cha kahawa. Watu walishangaa, maana yeye ni mtu wa Mbeere, wa kule chini kwenye joto na mbuzi, na huku kwetu hakuwa na ndugu. Alipoulizwa alijibu kwamba kuna mtu alimwacha hapa.

Nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu alirudi akiwa na miguu miwili na mikono miwili, na kwa sababu alijua kaka yangu alivyokufa na hakutaka kusema. Mimi nina duka la dawa za mifugo na mbegu, kwa hiyo nilimwona karibu kila wiki akija kununua dawa ya kupe. Alisimama mbele ya kaunta wima kama mlingoti, akataja anachotaka, akalipa, akaniaga. Nikimuuliza habari za Somalia alisema kule kuna jua kali. Nikiuliza tena alichukua dawa yake na kuondoka.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye shingo isiyogeuka vizuri, hivi kwamba ukimwita alizunguka mwili mzima. Mikono yake ndiyo watu waliyoikumbuka. Ilikuwa mikubwa kupita kiasi cha mtu mwenyewe, na mgongo wa mkono wa kulia ulikuwa na ngozi iliyoungua, laini, isiyo na unywele hata mmoja. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakisukumana wapate kumsalimia ili waiguse. Aliwaacha waiguse. Mtoto hakuwahi kupigwa na Sajenti, na mwanamke pia. Mkewe, aliyemkimbia akarudi kwao Siakago, alipita dukani kwangu siku ile akiwa na mzigo wake kichwani na kuniambia kwamba hakuwahi kumwinulia hata kidole. Alichoka tu kuishi na mtu anayekula akiwa ameutazama mlango.

Lakini wanaume aliwapiga. Alimpiga dalali wa muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, aliyepima kwa mizani ya uongo. Alimpiga mzee mmoja wa kamati ya maji, jambo lililoleta kikao kirefu cha wazee wa kanisa, na alipotakiwa kuomba msamaha aliomba vizuri sana, akampa mkono, halafu akamfinya mpaka mzee akapiga magoti. Kasisi alimsimamisha Meza ya Bwana muda wote wa mavuno. Sajenti aliitikia adhabu kama mtu aliyezoea amri. Kila Jumapili alikaa benchi lake la nyuma, wenzake wakienda mbele kupokea, na kila Jumamosi aliendelea kuja na ndoo yake.

Ndoo hiyo ilikuwa na maji ya moto, sabuni ya kipande na mswaki mzee. Alilisugua jiwe la Kapteni herufi kwa herufi, akalisuuza, akalikausha kwa kitambaa cha fulana. Hakuna aliyemtuma. Akina mama wa maua walimwomba ruhusa kabla ya kuweka chombo chini ya jiwe, ingawa kanisa ni lao kuliko lake. Ukipita pale umeinamia simu alikuambia, "Simama vizuri, kuna mtu anakuona." Ukimpa pole kwa lolote, hata kwa mafua, alijibu, "Usinipe pole, nipe nafasi." Haya aliyasema mara nyingi mpaka vijana wakayafanya mzaha wa kijiweni, lakini walihakikisha kwanza hayuko karibu.

Mama yangu hakulipenda jiwe lile. Hakukaa upande ule wa kanisa hata siku moja. Akiingia alipita kulia, akaketi kulia, na wakati wa kutoka aliinamisha kichwa mpaka amelipita dirisha. Ili ieleweke sababu ya mama lazima nirudi kwenye mazishi.

Kwetu mtu hazikwi bila kuonwa. Jeneza hufunguliwa, watu hupita mmoja mmoja wakimuaga, na anayetaka kulia hulia akiutazama uso anaoulilia. Jeneza la kaka lilikuja limefungwa kwa skrubu, limefunikwa bendera, na ofisa mmoja aliyevaa miwani nyeusi akasema halitafunguliwa. Wanaume wa ukoo walinung'unika, wakanyamaza. Lakini vijana wa kijiji walikataa jambo moja. Walisema mwenzao wa rika hawezi kubebwa na wageni kuingia kwao, ni lazima wao wamtoe barabarani wamfikishe nyumbani kwa mabega yao, kama ilivyo desturi. Wanajeshi wakawaachia.

Hapo ndipo palipoharibika. Boma letu liko chini ya mteremko, na njia ni ya udongo mwekundu unaoteleza. Vijana walipoinamisha jeneza kuteremka, kitu kilimwagika ndani. Kilishuka kuelekea kichwani, shaa, kama mahindi yanavyoshuka kwenye gunia. Waliobeba nyuma waliona mzigo umepungua ghafla na waliobeba mbele nusura waanguke. Walitazamana. Kabla ya uji wa waombolezaji kwisha, kijiji kizima kilijua kwamba ndani ya jeneza mna mchanga.

Na kama ni mchanga, basi Kapteni hayumo. Na kama hayumo, yuko wapi? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na jibu lililomfikia mama ni kwamba ametekwa, yu hai, serikali inaficha aibu. Wakati wa kutupa udongo ulipofika mama aliinama, akachota konzi yake kama sisi wengine, akasimama kando ya kaburi. Risasi za heshima zilipigwa, kuku wakaruka. Mama hakutupa. Aliufunga udongo ule kwenye ncha ya leso, akarudi nao ndani, akautia kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia, akaliweka juu ya kabati.

"Siwezi kumfukia mtu ambaye sijamwona," aliniambia. "Akirudi nitamwambia nini?"

Aliishi hivyo miaka yote. Kila mwezi alinituma nitie kredo kwenye laini ya simu ya kaka ili isikatwe. Redio ikitaja Somalia alizima jiko asikie vizuri. Ukimwambia maneno ya faraja alikuonea huruma, kama kwamba wewe ndiye uliyedanganywa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: mtu amwambie mama kweli, yoyote ile, kabla hajafa akiwa anasubiri. Na mtu wa kumwambia alikuwa mmoja, naye alikuwa akisugua jiwe.

Uchinjaji ulikuwa kazi yake nyingine. Harusi, mazishi, mchango wa kanisa, aliitwa Sajenti. Alimwangusha fahali kwa kamba moja na kumalizana naye haraka, bila kelele, huku amemfunika macho kwa gunia. Siku jiwe lilipobarikiwa alichinja fahali wawili na damu ilitiririka mpaka kwenye mizizi ya miparachichi ya kasisi. Lakini nyama ilipowekwa juu ya moto hakuonekana tena. Aliosha visu, akaenda akaketi mbali, upande upepo unakotoka. Alikula nyama ya kuchemsha tu. Vijana walidhani ni meno.

Kitu kile kile kilichomkimbiza kwenye nyama ya moto, nadhani, ndicho kilichomtoa siku ya mwizi wa muguka. Kijana mmoja alikamatwa mchana kweupe na magunia ya watu. Umati ulishamvunja mkono, na tairi lilikuwa tayari shingoni mwake, petroli imemwagwa, mwenye kiberiti akigombana na upepo. Nilikuwa nimefunga mlango wa duka na kuchungulia kwenye wavu. Nilimwona Sajenti akija kutoka upande wa kiwanda na rungu la kuchungia mbuzi. Hakuomba mtu asikilize. Alianza kuwapiga waliokuwa karibu, mmoja baada ya mwingine, magotini na viwikoni, wazee kwa vijana, majirani zake, waumini wenzake. Nilisikia mifupa. Jiwe lililorushwa na mtu lilimpasua paji la uso na damu ikamwingia machoni lakini akaendelea kupiga kwa kukisia. Mwishowe alibaki amesimama juu ya mwizi, akihema, na umati umepanua duara.

"Hapa hakuna mtu atachomwa," alisema. "Mtu akitaka kuchoma, aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Mwizi alipelekwa hospitali, baadaye mahakamani. Sajenti alishonwa na kurudi kuwaomba radhi aliowaumiza, nyumba kwa nyumba, na safari hii hakumfinya mtu. Nilianza kumwangalia tofauti, ingawa sikutaka.

Halafu akaniudhi tena. Tulikuwa kwenye duka la nyama, watu wengi, na mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa amelewa kidogo alianza kunichokoza kuhusu jiwe. "Dada, mnaosha ukuta bure," alisema. "Hiyo sanduku mlizika ilikuwa na mchanga tu. Hata yeye anajua." Akamwonyesha Sajenti kidole. Sajenti alimpiga ngumi moja na taya likavunjika, nililisikia kabisa likilia, na meno mawili yakaangukia kwenye vipande vya matumbo. Kisha akamwinamia na kumpiga tena, akiwa amelala, na tena, mpaka mwenye bucha na mimi tukamvuta kwa mkanda. Uso wa Sajenti haukuwa wa mtu mwenye hasira. Ulikuwa wa mtu anayeogopa. Nilikwenda nyumbani na swali lililoninyima raha: kama ni uongo, kwa nini unampiga hivyo?

Mwaka uliopita mama aliugua tumbo. Tulizunguka naye, Embu, Meru, tukarudi Embu, hadi daktari mmoja mpole akatuambia tumpeleke nyumbani akae na watu wake. Alikonda akabaki macho. Adhuhuri moja aliniita, akaniambia niende nikamlete Sajenti. Nilimwambia Sajenti hasemi. Akasema, "Mwambie ninakufa. Askari anajua maana ya hiyo."

Alikuja amevaa suti na viatu vilivyong'arishwa. Alivua kofia mlangoni. Mama alikuwa ameegeshwa mito kitandani, na kitanda tulikuwa tumekihamishia sebuleni, chini ya kabati. Walisalimiana, yeye kwa Kimbeere, mama kwa Kiembu, lugha hizo ni jirani na hazisumbuani. Hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Mwanangu yuko wapi?" mama aliuliza.

Sajenti aliniangalia. Mara ya kwanza katika miaka yote ile niliona hana pa kwenda. Alisema alikatazwa kusema, na baadaye akazoea kukatazwa. Mama alimwambia waliomkataza hawako hapa.

Basi akasema. Alisema kwa sauti ya kutoa ripoti, macho yake kwenye ukuta. Kapteni alikuwa kwenye gari la mbele, yeye kwenye la pili. Gari la mbele lilikanyaga bomu lililozikwa, likaruka, likaanguka kwa ubavu na kuwaka. Risasi zilianza kutoka vichakani. Alikimbia mpaka kwenye gari akaingiza mkono kwenye upenyo wa mlango auvute, chuma kikamvua ngozi ya mgongo wa mkono, na mlango haukufunguka. Waliokuwa ndani walipiga kelele, kisha hawakupiga. Mapigano yalipotulia hakukuwa na mwili wa kutoa, mama. Moto ulikuwa umemaliza kazi. Alitafuta mchangani kuzunguka gari na akapata mguu.

Mama hakutikisika.

"Mguu upi?"

"Wa kushoto, mama. Buti lilikuwa zima. Nililivua. Juu ya kisigino kulikuwa na kovu, refu hivi."

Mama alifumba macho. Mimi pia nililijua lile kovu. Kaka alipokuwa mdogo alimwacha ndama akanyonya maziwa yote ya asubuhi, na mama, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, alimrushia panga kwa hasira akimlenga miguuni. Lilimpata. Mama alimbeba mgongoni akikimbia hadi zahanati, damu ikimchuruzika sketini, na tangu siku hiyo hakumgusa tena kwa ubaya.

"Alituonyesha mara nyingi akiosha miguu," Sajenti alisema. "Alisema hiyo ni medali yake ya kwanza, alipewa na mama."

Mama alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au nini. Kisha akauliza juu ya mchanga.

Sajenti alisema mguu ulikuwa mwepesi. Hakutaka watu wa kwao wambebe Kapteni waone ni mwepesi. Kwa hiyo alichota mchanga wa pale pale alipouokota, wenye damu, kwa mkono ule ulioungua, akajaza magunia, akayafunga mwenyewe na kuyaweka pamoja na mguu. Kote jeneza lilikopita aliomba yasiguswe. Moja lilipasuka kwenye mteremko wetu. Alikuwa nyuma ya vijana akaisikia ile sauti, akaona wanavyotazamana, na tangu hapo hakujua la kufanya ila kumpiga yeyote atakayetaja mchanga.

"Nilikuwa nataka awe mzito, mama," alisema. "Nilikosea."

Mama alimwita asogee. Alipoinama, mama aliinua mkono wake uliobaki mifupa na kumzaba kofi. Halikuwa na nguvu ya kuua mbu, lakini Sajenti aliyumba. Akampiga la pili. Sajenti aliuacha uso wake pale pale, karibu, ili asipate taabu kuufikia.

"Miaka yote," mama alisema. "Miaka yote nimekuwa namngoja, na wewe unaosha jiwe."

"Ndiyo, mama."

Ndipo akaniambia nishushe kopo. Tulimbeba pamoja, mimi na Sajenti, tukampitisha mlango wa nyuma hadi kaburini, kando ya mistari ya kahawa. Jua lilikuwa kali na majirani walitazama kutoka uani kwao. Udongo ulikuwa umekauka ukawa vumbi jekundu lenye mabonge. Mama alitia mkono ndani ya kopo, akachota, akamwaga juu ya kaburi polepole, akimwita kaka jina lake la utotoni. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha siku ya mazishi, kilichokuwa kimechelewa.

Hakuumaliza. Aliacha kiasi chini ya kopo na kumsukumia Sajenti kifuani. Sajenti alirudi nyuma. Alisema yeye siku ya mazishi alikuwa kwenye kikosi cha kupiga risasi za heshima, hakuwa na ruhusa ya kutupa udongo.

"Najua," mama alisema. "Nilikuona. Tupa lako."

Sajenti alikunja mkono wa suti, akaingiza ule mkono ulioungua ndani ya kopo, na hakuweza kuutoa. Alibaki amesimama hivyo, ngumi imeufumba udongo ndani ya kopo, mpaka mama alipomshika kifundo cha mkono na kumsaidia kuutoa.